Yule mchambuzi wa jana usiku aliyempima mtu usonji akiwa amekaa studio, ANIOMBE RADHI MIMI NA MWANANGU

Mama Wawili:
Wakuu salamu zitafuata, sijalala na mikono inanitetemeka.

Mnamjua. Jina sitaji maana hakuna asiyemjua, ni yule yule anayekohoa kidogo kabla ya kusema jambo ili lionekane zito. Jana mtuhumiwa ndio kwanza kakamatwa, polisi wenyewe hata jina hawajatoa, marehemu hawajazikwa, mtangazaji anamuuliza huyu atakuwa mtu wa aina gani. Si useme sijui?? Herufi tano tu, sijui, mdomo unafunga, tunaenda kwenye michezo. Aah wapi. Akakohoa kale kakohozi kake, akasema "huyu ana dalili zote za usonji."

Dalili zenyewe sasa, eti jirani kasema alikuwa mkimya, hasalimii, hana rafiki, anashinda kwenye kompyuta. Basi! Kesi imeisha! Kwa kipimo hicho nusu ya jukwaa hili tungeshafungwa maisha na ufunguo ukatupwa baharini. Mimi mwanangu alipimwa kwa muda wa miezi 14, leo masikio, kesho matamshi, keshokutwa madodoso ya kurasa na kurasa, unaulizwa anapanga vitu mstari, anageuka ukimwita, anaziba masikio blenda ikiwaka. Miezi 14 ndio daktari akathubutu kutamka hilo neno. Huyu katumia sekunde nne na picha iliyopigwa kwa mbali.

Ila sio hilo lililoniamsha. Mwanangu ana miaka tisa na anaongea kwa kuazima sentensi. Akitaka maji hasemi maji, anasema "mvua za wastani zinatarajiwa" kwa sauti ile ile ya dada wa hali ya hewa, na sisi tunajua, tunampa maji. Sentensi ikimwingia haitoki. Jana alikuwa chini pale anapanga vifuniko vya chupa, mimi niko natafuta rimoti, sikuiwahi. Na yule bwana akakohoa.

Dakika kumi baadaye mwanangu akakohoa. Kikohozi kile kile. "Huyu ana dalili zote za usonji."

Kaisema bafuni, kaisema kitandani, saa tisa usiku naisikia kupitia ukutani, anakohoa kwanza halafu anasema, anakohoa anasema. Asubuhi kamfungulia jirani mlango akamwambia hivyo hivyo usoni, na jirani huyo naye jana alikuwa anaangalia habari. Nimeona alivyomvuta binti yake nyuma. Kidogo tu, kwa bega. Nimeona.

Mtoto asiyeweza kusema mama kichwa kinaniuma, ameweza kulisema hilo, neno kwa neno, na kikohozi juu. Aniombe radhi. Aje akohoe mbele yangu.

Jogoo la Alfajiri:
Nimekaa siti ya mbele, uzi utembee

Kisu Butu:
Pole dada ila mtoto wa miaka tisa anafanya nini kwenye taarifa ya mauaji usiku?

Mama Wawili:
Anapanga vifuniko. Nimeandika. Soma.

Mzee wa Hoja:
Bi mkubwa tulia kidogo, lisemwalo lipo. Yule wa Marekani 2012 aliyeua watoto 20 na watu wazima 6 pale shule ya Sandy Hook, si alikuwa nao huo usonji kabisa, tena wa kupimwa?

Nyuki Jike:
Mzee alikuwa nao ndio, na ofisi ya mtetezi wa watoto ya jimbo la Connecticut ikatoa ripoti Novemba 2014 ikasema usonji haukumfanya aue. Kichwa cha habari ulikisoma, ripoti ukaiacha. Halafu mwaka ule ule wa Sandy Hook, Julai 2012, mji wa Aurora huko huko Marekani, watu 12 wameuawa ukumbi wa sinema, hata wiki haijaisha mtangazaji wa tivii kule anasema laivu kwamba muuaji huenda yuko kwenye usonji. Kesi ilipofika mahakamani madaktari wanavutana kuhusu magonjwa ya upande wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, usonji hata haukuwa hoja. Unafikiri tivii ilirudi kusema samahani kwa ukubwa ule ule?

Mzee wa Hoja:
Mimi nimeuliza tu jamani

Nyuki Jike:
Na yeye studio kasema tu.

Kaka Mkubwa wa Nne:
Nyuki asante sana, yaani mmejitoa nyie mkatusukumia sisi. Mdogo wangu ana skizofrenia mwaka wa nane huu, hajawahi kumpiga hata paka, anaogopa mpaka kengele ya mlango. Kila muuaji akikamatwa lazima apewe ugonjwa wa mtu. Hivi watu wabaya wazima hawapo?

Nyuki Jike:
Kaka nisamehe, sikukusudia hivyo.

Sauti ya Chini:
Mimi nina usonji, ni mtu mzima, nafanya kazi, nimepimwa nikiwa na miaka 31. Leo ofisini nimevaa hedfoni kama siku zote, mmoja akasema jamani huyu tukae naye mbali, wakacheka wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 ana usonji, kwa hesabu za 2021, sasa mnataka kutuogopa wote hao? Sisi ndio tunaopigwa na kuonewa, kuanzia shule. Mama Wawili nimesoma hapo kwenye bega la binti mara tatu. Hata mbele yangu watu wamewahi kuvuta watoto wao nyuma hivyo.

Kisu Butu:
Kwani huyo mchambuzi ni daktari?

Jogoo la Alfajiri:
Wiki iliyopita alikuwa mchambuzi wa mafuriko 😂 kabla ya hapo usalama wa ndege

Tembo Mpole:
Nyie angalau mnaitwa wauaji, mnaogopwa. Sisi wenye kifafa tunaambiwa tuna mapepo, unaanguka unaamka umezungukwa na watu wanakukemea. Juzi kuna mtangazaji kasema mtu "alishikwa na kifafa cha hasira". Kifafa cha hasira ni nini??

Kaka Mkubwa wa Nne:
Tembo hiyo ya angalau futa. Kuogopwa sio zawadi.

Tembo Mpole:
Sifuti, nimeamka na ulimi umeng'atwa mara ngapi hujui

Fundi Sikio:
Mimi kero yangu na hicho kituo ni sauti, taarifa unaisikia kwa mbali kama wananong'ona, tangazo likiingia nyumba nzima inaruka.

Jogoo la Alfajiri:
FUNDI UMESEMA. Mtoto mchanga kalala saa nzima unambembeleza, tangazo moja tu basi

Kisu Butu:
Na ile mistari ya habari inayopita chini inakimbia kama inadaiwa, hujamaliza kusoma jina la wizara imeshapita

Mama Wawili:
Kaamka sasa hivi. Nimemuuliza unataka maji. Kakohoa kwanza.

Fundi Sikio:
Kisu mistari ile bado afadhali, wewe umeona wanavyoandika majina ya watu? Jana waziri kaandikwa mwanzo na herufi ndogo, mwisho wamesahau kabisa

Jogoo la Alfajiri:
Hiyo fungua uzi wake mkuu, nakuja na picha