Naomba ushauri: tamthilia ya mwigizaji mmoja kuhusu Lilian Ngoyi

Ndugu wanajamvi, ninaandika tamthilia ya mwigizaji mmoja kwa heshima ya Lilian Ngoyi, mshonaji wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya tarehe 9 Agosti 1956, ambapo wanawake wapatao 20,000 walifika kwenye Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria, kupinga sheria za pasi (vitambulisho ambavyo watu weusi walilazimishwa kubeba), wakaacha hati zao za malalamiko katika ofisi ya Waziri Mkuu Strijdom, ambaye hakutokea kuwapokea, kisha wakasimama kimya kwa dakika 30.

Hapo ndipo ninapokwama. Mwigizaji mmoja atauonyeshaje umati huo, na ukimya huo, bila watazamaji kudhani kwamba amesahau maneno yake? Nimewaza kuwaomba watazamaji wenyewe wasimame pamoja naye, lakini nachelea tendo hilo lisije likafanana na gwaride la shule.

Sehemu ya pili hainisumbui sana. Kwa miaka mingi kabla ya kifo chake mwaka 1980, amri za serikali zilimzuia Ngoyi asitoke Orlando, Soweto, wala asihudhurie mikutano, naye akaendelea kutafuta riziki kwa kushona. Upweke huo unamfaa kabisa mwigizaji aliyebaki jukwaani na cherehani yake.

Wenye uzoefu wa jukwaa, naomba mnishauri: je, nianze na upweke huo na kuyaleta maandamano kama kumbukumbu, au nifuate mfuatano wa miaka? Na ukimya wa muda gani unavumilika ukumbini?