Wiski ya Japani: ni Scotch iliyobadilishwa lebo, au ina ladha yake?

Glasi_Tupu:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Wengine wanasema wiski ya Japani ni Scotch (wiski ya Uskoti) iliyobadilishwa lebo, wengine kwamba ni laini na inanukia udi. Ukweli ni upi? Na nikiwa na wiski mbili za Japani mezani, Yamazaki 12 (ya miaka 12) na Yoichi, nianze na ipi?

Kimea:
Mkuu, chimbuko ni Uskoti, hilo halina ubishi. Mjapani Masataka Taketsuru alikwenda kusomea huko mwaka 1918, akajifunza kazi kwenye viwanda vya Longmorn na Hazelburn, akarudi Japani 1920. Mfanyabiashara Shinjiro Torii alimwajiri kusimamia kiwanda cha Yamazaki, kilichoanzishwa 1923. Wiski yao ya kwanza, Shirofuda ya 1929, ilizidi ladha ya moshi kwa wanywaji wa Japani, ikadoda. Torii akaelekea kwenye ulaini. Taketsuru aliupenda uzito wa Kiskoti. Akaondoka 1934 na kujenga kiwanda cha Yoichi, kule kisiwa cha Hokkaido kwenye baridi. Kampuni yake ndiyo Nikka ya leo, ya Torii ni Suntory. Chupa zako mbili ni njia hizo mbili.

Ila utofauti hasa uko hapa: Uskoti viwanda hubadilishana wiski ili kupata vionjo vya kuchanganya. Suntory na Nikka hawana desturi hiyo, kwa hiyo kila mmoja hujitengenezea aina zote mwenyewe. Ndiyo maana Yamazaki kuna vyungu vya shaba vya kukenekea (kuvukiza pombe na kuukusanya mvuke wake) vya maumbo mbalimbali, matangi ya kuchachushia ya mbao na ya chuma, na mapipa ya kila namna. Anayekuambia "ladha ya Kijapani" ni moja hajaonja vya kutosha.

PuaKwanza:
Anza na Yamazaki. Ukitangulia Yoichi, moshi utafunika kila kitu. Mimina mililita 20 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, bila barafu. Usiizungushe kwa nguvu, kileo kitakuchoma pua na harufu nyingine zitapotea. Nusa ukiwa umeachama kidogo. Tafuta pichi, vanila, nazi. Kisha tia matone 3 au 4 ya maji, unuse tena.

Yoichi ni nzito: moshi, chumvi kwa mbali, na harufu ya kuungua, kwa sababu vyungu vyake hupashwa moto moja kwa moja kwa makaa ya mawe.

Udi usiutafute kila chupa. Unatokana na mizunara, mwaloni wa Japani, ulioanza kutumika wakati wa vita mapipa ya nje yalipoadimika. Ni mbao korofi: zina vinyweleo, pipa huvuja. Wiski changa humo hutoa ukali wa mbao tu. Udi huja baada ya miaka mingi.

Lebo_Kwanza:
Hoja ya lebo ina ukweli wake. Zamani wiski ya nje iliweza kuchanganywa na kuuzwa kama ya Japani. Chama cha watengenezaji kikaweka kanuni kuanzia 1 Aprili 2021: kimea (nafaka iliyooteshwa) kiwemo, maji ya Japani, kuchachusha na kukeneka kufanyike Japani, ikae humo miaka 3 au zaidi kwenye pipa la mbao lisilozidi lita 700, ijazwe chupani hukohuko, kileo kisipungue asilimia 40. Rangi ya karameli ruksa. Lakini zinawabana wanachama tu, si sheria ya nchi. Nikka From the Barrel haitimizi kanuni hizo, na Nikka wenyewe wanasema wazi. Bado ni wiski nzuri.

Glasi_Tupu:
Shukrani wakuu. Na ya kunywa na soda?

PuaKwanza:
Kakubin, wiski ya kawaida ya Suntory, inatosha, Yamazaki iache. Jaza glasi barafu mpaka juu, koroga ipoe, mwaga maji yaliyoyeyuka. Wiski sehemu 1, soda baridi sana 3 au 4, uimimine taratibu pembeni isigonge barafu. Koroga mara moja tu. Ukizidisha, gesi inaisha.