Wadau, nifungue boksi la kadi za Marvel za 1990 au niliuze lilivyo?

MamaIsaya
Habari za jioni wadau. Nipo Columbus, Ohio. Nina boksi la kadi za mashujaa wa Marvel, lile toleo la kwanza la Marvel Universe la 1990, kampuni ya Impel. Boksi hubeba pakiti 36, kila pakiti kadi 12. Mwanangu ana miaka tisa, Spider-Man ndiye kila kitu kwake, tangu alione hili boksi hatulali. Kuna mtu anakuja kulichukua Jumamosi. Nimfungulie mtoto, au niuze nitume ada ya mdogo wangu Morogoro? Naombeni mawazo ya haraka, kichwa kinaniuma.

Mkusanyaji_Tabata
Dada, usitarajie utajiri. Miaka ile kadi zilichapwa kwa wingi mno, na watu wakaweka maboksi kabatini wakisubiri bei ipande. Ndiyo maana mpaka leo yanapatikana. Seti nzima ni kadi 162, namba moja ni Captain America, na Stan Lee mwenyewe ana kadi yake kule mwishoni. Kinachowindwa ni hologramu tano, zile kadi maalumu za kung'aa: Cosmic Spider-Man, Magneto, Silver Surfer, Wolverine, na Spider-Man akipambana na Green Goblin. Pakiti nyingi hazina. Na ukiipata, pesa ya maana inakuja pale PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi, wanapoipa 10, alama ya juu kabisa: kona kali, hakuna mkwaruzo, picha imekaa katikati. Boksi likiwa limefungwa, mnunuzi analipia matumaini. Ukifungua una kadi 432, nyingi zinajirudia.

BabaWawili
Mfungulie mtoto! Sisi Tanga tulikuwa tunanunua bablishi kwa ajili ya picha za wanasoka tu, bablishi yenyewe tunampa mdogo. Kuna jamaa alikuwa na picha moja ya Maradona, darasa zima tulimbebea begi muhula mzima. Marehemu mama alizichoma zangu zote siku niliposhindwa hesabu. Mpaka leo nazikumbuka sura zao.

Nesi_Minnesota
MamaIsaya, umesema "nina boksi". Umelipata wapi?

MamaIsaya
Nimepewa. Swali langu ni kufungua au kuuza.

Nesi_Minnesota
Umepewa na nani, dada yangu? Nauliza kwa sababu wengi wetu huku tunatunza wazee majumbani, na kampuni nyingi zinakataza kupokea kitu cha thamani kwa unayemhudumia.

MamaIsaya
Sawa, niseme. Ni mzee ninayemhudumia. Alinipa kwa mkono wake, akasema "mpelekee mtoto wako." Wiki iliyofuata wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee. Ndiyo, anasahau, kuna siku ananiita jina la marehemu mkewe. Lakini siku ile akili ilikuwa imetulia, mimi namjua. Boksi alimnunulia mwanae zamani, mwana yupo Cleveland, na kwa muda wote niliokuwa pale sijamwona akija kumkatia baba yake hata kucha. Mimi ndiye niliyemwogesha. Kwa hiyo msiniambie habari ya wizi.

Ustadh_Kigamboni
Hakuna aliyetaja wizi, mama. Ila zawadi ya mtu ambaye akili yake inakuja na kuondoka ina walakini. Na hilo boksi lina mwenyewe, huyo mwana aliyenunuliwa, yu hai. Muulize. Akikubali, kula halali yako.

Kaka_Mkavu
Hii chai. Jana boksi, leo mzee, kesho tutaambiwa mzee ni tajiri ameacha wosia. Mleta mada hajaweka hata picha moja. Hizo namba za pakiti na kadi mtu yeyote anazipata mtandaoni.

MamaIsaya
Nitunge ili nipate nini? Picha siweki, mwenye boksi anaweza kuiona.

Mkusanyaji_Tabata
Tumalize ubishi. Dada, nyuma ya kadi ya shujaa, ukiacha maelezo yake, kuna hesabu gani?

MamaIsaya
Kuna mapigano aliyopigana, aliyoshinda, aliyoshindwa, sare, halafu asilimia ya ushindi. Mwanangu ameshazikariri za Wolverine.

Mkusanyaji_Tabata
Ni sahihi kabisa, kadi anazo mkononi. Lakini hadi mtoto amekariri nyuma ya kadi, basi pakiti zimeshafunguliwa. Ngapi?

MamaIsaya
Tatu. Zilizobaki zimefungwa. Mtoto alikuwa na homa, nikaona nimchangamshe. Hologramu haikutoka.

Mkusanyaji_Tabata
Basi huyo wa Jumamosi lazima ajue kabla hajatoa pesa. Boksi lenye pakiti 33 halina bei ya boksi zima, na wanunuzi wanaogopa pakiti zilizofunguliwa zikagandishwa tena. Ukinyamaza, hapo ndipo unapoingia matatizoni.

Kaka_Mkavu
Naondoa neno chai. Samahani, mama.

Nesi_Minnesota
Mpigie mwana wa mzee kabla ya Jumamosi, dada. Mimi nilipokea saa ya bibi mmoja, familia ikaja juu, na aliyenitetea ni binti yake kwa kuwa nilimwambia siku ile ile. Usipomwambia wewe, kazi itakwenda na leseni itafuata.

BabaWawili
Huenda huyo mwana naye alimsumbua baba yake kwa boksi hilo hilo akiwa na umri wa Isaya. Mwambie mtoto wako anazipenda, pengine akasema chukua.

MamaIsaya
Nimewasikia. Nitampigia kesho nikitoka zamu ya usiku, na huyu wa Jumamosi nimemwandikia asubiri. Zile tatu lakini sizirudishi, Isaya ameshaandika jina lake nyuma ya kadi zote.

Ustadh_Kigamboni
Hizo nazo mtajie.