Jetiski ya mtumba (Yamaha XL700): kwenye trela nzima, ikifika majini inakosa nguvu

mzee_wa_feri

Wakuu habari za mida. Nimenunua jetiski ya mtumba, Yamaha XL700 ya 2002, zile za tustroki kabureta mbili, jamaa aliyeniuzia alikuwa anawakodishia watu beach huku Kigamboni. Ikiwa juu ya trela inawaka kwa kugusa tu, sailensa imetulia, ukipiga resi inaitikia mpaka unasema hapa nimeokota dodo. Sasa iingize majini. Mwanzoni inaondoka poa, baadae inaanza kukohoa, nguvu inakata, ukibana resi mpaka mwisho ndo inazidi kufa, ukiachia nusu inajivuta hivyo hivyo. Nikiizima nikaiacha ipumzike ikiwaka inakuwa nzima tena halafu mchezo ule ule. Plagi mpya, betri mpya, petroli ya zamani nimemwaga yote. Kuna fundi mtaani kwetu kasema pistoni zimekwisha, nitoe laki nane afungue injini. Kabla sijaitoa hiyo hela mwenye uzoefu na hivi vidude anisaidie.

kusi_na_kaskazi

Mkuu usitoe hata mia. Jibu kwanza hili: nguvu ikikata, mlio wa injini unashuka au unapanda? Maana hapo kuna magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku. Kama injini inalia juu kabisa lakini chombo hakiendi, injini haina kosa lolote, shida iko nyuma kwenye pampu, aidha impela (ile feni inayosukuma maji) imelika na mchanga au ile ringi inayoizunguka imeachia nafasi kwa hiyo maji yanarudi badala ya kusukumwa nyuma. Sisi huku Nungwi mara nyingi hata si hivyo, ni mwani tu umejaa kwenye wavu wa chini au kamba ya nailoni ya wavuvi imejizungusha kwenye shafti. Zima, toa ile kamba ya usalama, inama uangalie. Lakini kama mlio wenyewe unashuka hapo ndo tuongee habari za mafuta na umeme.

tajiri_mtarajiwa

Pistoni hiyo hakuna kingine. Za kukodisha zile zinabondwa kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Uza kwa mwingine fasta ununue pikipiki 😂

mzee_wa_feri

Mlio unashuka mkuu. Inakuwa kama imekabwa koo, resi yenyewe haipandi. Nyuma nimeangalia kusafi, impela haina hata jino lililolika.

makanika_mtwapa

Basi hapo ni mafuta mpaka uhakikishe vinginevyo. Mimi ni makanika wa boti huku Mtwapa na injini hizi za cc 701 nimefungua nyingi, sikiza nikwambie. Injini iliyokwisha haiponi kwa kupumzika. Kama ukiipumzisha inarudi nzima maana yake kuna kitu kinapungua ukiitumia na kinarudi ikipumzika, na hicho ni petroli inayofika kwenye kabureta. Ukiwa nusu resi pampu ya petroli inaleta kiasi kinachotosha, ukibana yote injini inataka zaidi ya inacholetewa.

Ukitoka tena, ikianza kukohoa fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia fyuuu inavuta hewa, hewa ya tangi imeziba, kuna valvu ndogo kwenye mpira wa kupumulia ikikwama tangi linajifunga na petroli haiji. Jaribio la pili, ikianza kufa vuta choki kidogo sana. Ikichangamka, imekosa mafuta. Ikizidi kufa, mafuta yamezidi au tatizo ni umeme. Hayo majaribio mawili hayana gharama yoyote na yanakwambia mengi kuliko huyo wa laki nane.

Halafu pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla mtu hajagusa spana. Toa plagi zote mbili, waya za plagi zichomeke kwenye vishikizo vyake zisirushe cheche hovyo, bana resi mpaka mwisho, piga stata mpaka mshale wa geji usimame. Geji zinatofautiana kwa hiyo mimi naangalia sana tofauti ya silinda mbili, isizidi asilimia 10. Zikiwa sawa na zote ziko juu ya PSI 110 injini haifunguliwi, fundi anayetaka kufungua ana shida zake.

Na hiyo ya kuipigia resi kwenye trela bila maji acha leo. Inapozwa na maji ya ile pampu ya nyuma, ikiwa kavu sekunde 15 zinatosha kabisa. Ukitaka kuiwasha nchi kavu funga mpira wa bomba, washa injini KWANZA ndio ufungue maji, kuzima funga maji kwanza ndio uzime. Ukigeuza, maji yanaingia kwenye silinda.

bint_seif

Mimi niko Maskati, shemeji yangu anazo hizi za kukodisha. Nakubaliana na makanika. Huku joto la kiangazi zikikaa miezi bila kuendeshwa petroli inageuka gundi, na inakwenda kuganda pahala ambapo watu hawapaangalii, kuna vichujio vidogo kama wavu ndani ya kabureta yenyewe upande wa pampu ya petroli. Fundi anasafisha jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli), anarudisha, anasema tayari, kile kichujio hakukigusa.

La pili na hili ndilo la hatari. Muulize aliyekuuzia, pampu ya oili ipo au waliitoa? Wengi huitoa wakachanganya wenyewe. Kama imetolewa na wewe umeweka petroli tupu unaiua sasa hivi unavyosoma hapa. Mchanganyiko ni 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa kila lita, na iwe TC-W3 ya mashine za majini, si ya bodaboda.

mzee_wa_feri

Dada Mungu akubariki. Nimempigia, pampu ya oili ipo na mpira wake nimeona oili inatembea.

Mrejesho: kifuniko kilifanya fyuu kweli, nikakilegeza ikaenda mbali zaidi ila ikakohoa tena. Nikavuta choki kidogo ikachangamka. Kompresheni 125 mbele, 120 nyuma. Nikashusha kabureta, vile vichujio kimoja kilikuwa na utando wa kijani mpaka huoni upande wa pili, na daiframu (zile ngozi nyembamba za ndani ya kabureta) zimekakamaa zinalia kama nailoni ya mkate. Nimesafisha, mpira wa kupumulia wa tangi mpya. Sasa inaruka kweli lakini ukiibana ghafla kutoka sailensa inasita kidogo halafu ndo inaondoka.

tajiri_mtarajiwa

Kumbe nilitaka kukuuzisha mali 😂 ukiichoka nitafute

makanika_mtwapa

Kusita kule mwanzo ni skrubu ya mafuta ya resi ya chini au hizo daiframu zilizokakamaa, na mimi naanza na daiframu maana kurekebisha skrubu juu ya daiframu mbovu ni kujisumbua. Ukishabadilisha, funga skrubu polepole mpaka iguse tu, usikaze itaharibu ncha, halafu fungua kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kabureta zote mbili sawa. Bado inasita, ongeza robo ya mzunguko. Afadhali mafuta yazidi kidogo inatoa moshi kuliko yapungue, tustroki ikikosa mafuta inapata moto kupita kiasi na pistoni inatoboka. Baadae bana resi yote kwa muda mfupi, vuta kamba ya usalama izime papo hapo bila kushusha resi, toa plagi. Rangi ya chai ni sawa. Nyeupe, rudi ufukweni polepole usiibane tena.

Ripea kiti (seti ya daiframu na sindano za kabureta) chukua ya Mikuni yenyewe, watengenezaji wa hiyo kabureta. Zile za bei ya chee sindano zake hazikai sawa, petroli inavuja ndani ya injini ikiwa imezimwa, utarudi hapa wiki ijayo unauliza mbona asubuhi haiwaki.