Mwanangu ndiye anayeonea wenzake shuleni, nifanyeje?

Mama wa Pasua:
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, mwanangu yuko darasa la tano. Jumatatu jirani alinifuata gengeni, akasema mtoto wake hataki tena shule. Ana kigugumizi, na kundi la mwanangu humwigiza na kumfichia kalamu. Nilipomuuliza mwanangu hakukataa. "Mama, ni utani tu. Sijampiga. Kila mtu anacheka, hata yeye mwenyewe alicheka." Huyu huyu juzi alilia alipoona mbwa akipigwa teke! Huruma anayo. Inakwenda wapi akifika darasani? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Babu Kiboriloni:
Fimbo sita tu, yataisha. Ndivyo tulivyolelewa.

Ticha wa Sakina:
Babu, shikamoo. Kwa fimbo atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na hilo ndilo analolifanya sasa.

Mama, nafundisha msingi hapa Arusha. Mtoto wa darasa la tano anajua kumwonea mwenzake ni vibaya. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza jinsi mtu anavyotenda baya analolijua bila dhamiri kumsuta: hulipa jina zuri, hugawia kundi lawama, hupunguza maumivu ya aliyeumizwa. Soma tena maneno ya mwanao: "utani", "kila mtu", "sijampiga", "hata yeye alicheka". Yote yamo. Kwa hiyo usimhubirie kuhusu uonevu, mnyang'anye hilo neno utani. Mpare akimtania Mchaga, Mchaga naye anamrudishia, wote wanacheka. Muulize huyo mwenzake humrudishia lini?

Na mwalimu wa darasa ajue, maana hilo ni kundi, si mwanao peke yake.

Kimya Kimya:
Mimi ndiye niliyekuwa na kigugumizi darasani kwetu. Nilicheka nao kila siku, kwa sababu ukilia wanazidisha. Mwambie hivyo. Walionicheka nimewasahau wengi, ila simsahau msichana aliyehama dawati lake akaja kukaa nami. Hakusema neno.

Mama wa huyo mtoto naye asibaki peke yake. Shule ikinyamaza, apige 116, simu ya watoto, ni bure.

Mama wa Pasua:
Asanteni sana. Jana tukimenya ndizi nilimsomea ya Kimya Kimya. Aliweka kisu chini, akauliza, "Kwa hiyo alikuwa hacheki kweli?" Nikamwambia sijui, tukamuulize mwenyewe. Jumamosi tunakwenda kwa jirani. Kalamu ameshazitoa alikozificha.