Taa za gereji: nibadilishe taa pekee au nivute kebo mpya?

Bisibisi (mwanzilishi wa mada)
Wanajukwaa, salaam. Gereji yangu ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Inamulikwa na tyubulaiti mbili za zamani za futi nne, na soketi zake pamoja na taa hizo zinapata umeme kwa waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 uliovutwa kutoka nyumbani, umbali wa mita 25 hivi. Ninapowasha grinda taa hufifia, na kompresa ikiingia breka hukata, nami hubaki gizani huku diski ya grinda ingali inazunguka mkononi. Nalinganisha njia mbili: kufunga taa za LED na kuacha nyaya zilivyo, au kuchimba mtaro, kuvuta kebo mpya kutoka ubao mkuu na kuweka ubao mdogo gereji. Ya kwanza ni kazi ya siku moja. Mngechagua ipi?

Kurunzi
Mimi nilichukua njia ya kwanza na sijaijutia. Tyubulaiti humwaga mwanga pande zote, ukiwamo ule unaopotelea darini, ilhali LED huuelekeza chini na kutumia takriban nusu ya umeme. Kazi za mikono zinahitaji laksi 300 hadi 500 (laksi moja ni lumeni moja, kipimo cha mwanga utokao kwenye taa, kwa kila mita ya mraba). Kwa mita zako za mraba 24, laksi 300 ni lumeni 7,200 zinazofika unapofanyia kazi, na kwa kuwa sehemu ya mwanga humezwa na kuta, panga kufunga lumeni 10,000, yaani tyubu tano za lumeni 2,000 kila moja. Usizipange zote katikati ya dari, kwa sababu ukiinamia meza iliyo ukutani utafanya kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Moja iwe juu ya ukingo wa mbele wa meza. Rangi ya mwanga iwe kati ya kelvini 4,000 na 5,000.

Waya Mwekundu
Ndugu Kurunzi, hesabu ya mwanga naikubali, lakini taa za Bisibisi hazififii kwa sababu ya uzee. Waya wa 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea katika kila mita, hivyo ampea 20 kwa mita 25 ni volti 9, karibu asilimia 4 ya volti 230, na hapo bado hatujagusa mkupuo, yaani umeme mwingi unaovutwa ghafla na mota inapoanza kuzunguka. Kebo ya milimita 6 ingepoteza chini ya volti 4. Ninachokihofia ni kwamba LED nyingi hurekebisha umeme zenyewe na haziyumbi volti zinaposhuka kidogo, kwa hiyo ukizifunga leo dalili itatoweka machoni, waya uendelee kuelemewa kama zamani. Ni sawa na kumeza dawa ya maumivu na kuacha jipu.

Katika ubao mdogo, taa ziwe na breka yake peke yake, ili breka ya grinda ikikata usipoteze mwanga. Soketi zilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kwa kompresa, breka ya aina C huvumilia mkupuo kuliko aina B, ila fundi apime kwanza kama njia ya ethi (waya wa usalama unaoungwa ardhini) inatosha kuifanya breka hiyo ikate haraka hitilafu inapotokea.

Kurunzi
Hilo la LED kuficha dalili sikuwa nimelifikiria. Hata hivyo, aliyepanga hawezi kuchimba uwanja wa mwenye nyumba, na kwake njia ya kwanza inabaki ya busara, mradi asiwashe mashine mbili kwa pamoja.

Fundi Mstaafu
Niongeze machache. Tyubu za LED zinazoingia katika fremu za zamani hazifanani: nyingine hufanya kazi na choki (kifaa ndani ya fremu kinachodhibiti umeme wa tyubu) ikiwepo, nyingine hutaka iondolewe, na baadhi hupokea umeme upande mmoja tu. Ukiondoa choki, bandika maandishi kwenye fremu, maana atakayekuja baadaye akirudisha tyubu ya zamani anaweza kuleta balaa. Hizo za zamani msizivunje, zina zebaki. Vilevile, taa zenye choki ya kizamani humetameta mara 100 kwa sekunde katika umeme wa hezi 50, na chombo kinachozunguka huweza kuonekana kimesimama. Soketi ziinuliwe angalau sentimita 45 kutoka sakafuni, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini.

Bisibisi
Ahsanteni. Nitachimba mtaro, na kazi ya ubao mkuu nitamwachia fundi mwenye leseni. Swali moja: kwa kuwa mtaro huchimbwa mara moja, je, nirukie kebo ya milimita 10 badala ya 6?

Waya Mwekundu
Ukitarajia mashine ya kuchomelea au kuchaji gari kwa ampea 32, ndiyo. Kwa mita 25 ya 10 itapoteza volti 3.5, ya 6 karibu volti 6. Iwe kebo yenye deraya, yaani ganda la chuma la kuikinga, na juu yake ulaze utepe wa tahadhari kabla ya kufukia. Tena weka bomba tupu kando yake. Nililisahau langu, na nilichimba mara ya pili kwa ajili ya waya wa intaneti.