Naomba ushauri: nimepiga upya michoro maarufu kwa sura za watu wa Feri, je nimebuni au nimekopi?

Mpigapicha wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaopiga picha na wanaochora.

Tangu Januari narudia michoro maarufu kwa kamera, nikitumia watu wangu hapa Dar. Ya kwanza ni ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, yule msichana mwenye hereni ya lulu. Nimemweka shangazi yangu anayekaanga samaki pale Feri, soko la samaki: khanga kichwani badala ya kile kilemba cha buluu na njano, kitambaa cheusi nyuma, mwanga wa dirisha kutoka kushoto, anageuka kama mtu aliyeitwa. Hereni ya lulu niliazima kwa jirani. Ya pili ni Wala Viazi ya Van Gogh: wapangaji wenzangu wanakula ugali na dagaa, umeme umekatika, taa ya chemli iko juu yao. Ya tatu nimeitoa kwenye mchoro wa msanii wa hapahapa mjini, yu hai, niliuona dukani: wanawake watatu na ndoo za maji. Nimewapanga vilevile, hadi mkono wa yule wa katikati.

Mwezi ujao nimepata ukuta wa kuzionyesha. Rafiki yangu mchoraji kaziangalia akasema, "Hapa umekopi tu." Neno hilo limeninyima usingizi. Ni kweli? Na sheria inasemaje?

Fundi Fremu
Mkuu, usizifunge zote kamba moja. Vermeer alikufa 1675, Van Gogh 1890. Hakimiliki kwetu, kwa sheria ya 1999, ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hao wawili hawana cha kukudai.

Ya tatu ndiyo yenye moto. Mwenyewe yupo, anauza, anakula kwa mkono huohuo uliouiga. Mtafute, muombe ruhusa, iandikwe. Usijitetee kwamba umetoka kwenye rangi ukaingia kwenye picha. Marekani mwaka 2023 taasisi ya msanii Andy Warhol ilishindwa Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, kuhusu sura ya mwanamuziki Prince ambayo Warhol aliitoa kwenye picha ya mpigapicha Lynn Goldsmith ya 1981. Ile si sheria yetu, lakini uchungu wa mwenye kazi ni uleule Dar na New York.

Bint Kilwa
Mimi swali langu ni jingine. Kwa nini Vermeer? Mchoraji Edward Tingatinga alianza hapahapa Dar mwaka 1968, na mbao za dari na rangi za baiskeli. Amefariki 1972, kwa hiyo hata ile miaka 50 imekwisha. Picasso, mchoraji wa Ulaya, alichota kwenye vinyago vya Afrika na wachongaji hawakutajwa majina. Sasa sisi tukishika kamera tunakimbilia kwao tena?

Mpigapicha wa Temeke
Dada Bint Kilwa, nimelifikiria hilo. Shuleni nilipoambiwa "sanaa" nilionyeshwa picha hizo. Shangazi yangu ana miaka thelathini pale Feri na hajawahi kuangaliwa kwa mwanga ule, taratibu, mtu akiwa kimya mbele yake. Nilitaka aangaliwe hivyo.

Mzee wa Rangi
Mwanangu, hilo ulilomjibu dada ndilo picha yako ingetakiwa kusema, na bado haijasema. Rafiki yako hakukosea sana. Umebadilisha mtu na kitambaa, mengine yote umeyaacha alivyoyaacha Vermeer.

Msanii Yasumasa Morimura wa Japani alipourudia mwaka 1988 mchoro wa Manet uitwao Olympia, mwanamke kalala kitandani na mtumishi mweusi kasimama nyuma, alijiweka yeye mwenyewe kitandani, na mtumishi aliyesimama nyuma ni yeye pia. Huwezi kuiangalia bila kujiuliza nani hulala na nani husimama. Msanii Awol Erizku mwaka 2009 alimrudia huyuhuyu msichana wako, lakini lulu aliitoa akaweka ile hereni kubwa yenye umbo la mwanzi wanayovaa mabinti weusi wa mijini Marekani. Kagusa kitu kimoja, na kitu chenyewe ndicho kilichobeba jina la mchoro.

Wewe lulu umeiazima kwa jirani. Pale Feri kinang'aa nini? Ile lulu ya Vermeer ukiisogelea ni miguso michache tu ya rangi nyeupe, hata kishikizo hakuna.

Mpigapicha wa Temeke
Shikamoo mzee. Nimesoma nikakaa chini. Siku ile shangazi alikuja na gamba la samaki limemganda chini ya sikio, alitoka kuparua samaki aina ya changu. Nililifuta mwenyewe kwa kitambaa kabla ya kupiga.

Mzee wa Rangi
Marahaba. Kwa nini ulilifuta?

Bint Kilwa
Jamani, mwili umenisisimka. Naliondoa swali langu, piga hiyo. Ila muulize kwanza yeye mwenyewe, asije akaona unamwonyesha kwa watu akiwa na uchafu wa kazi.

Mpigapicha wa Temeke
Narudi na majibu. Ya ndoo nimeiondoa ukutani. Msanii nimempata, tunaonana Jumatano, akikataa basi. Shangazi nimemwonyesha mchoro wa Vermeer kwenye simu. Akauliza, "Huyu binti wa nani?" Nikamwambia hakuna anayemjua. Akanyamaza, kisha akasema lake jina liandikwe kwa herufi kubwa, na gamba nisichague mimi, atachagua yeye. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nipo Feri.